Ajali ya Kichwa: Utatundika Dripu Ipi?

Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay siku hizi ni lami, na boda zinateremka kuelekea Ziwa Nyasa kwa kasi. Anayeanguka bila helmeti hufikishwa kituo cha afya akiwa hajitambui, na safari ya rufaa hadi Songea bado iko mbele. Hapo ndipo ndugu husema: "Dokta, mtundikie glukosi apate nguvu." Sisi tunaosomea afya tutaombwa hivyo mara nyingi. Naona heri tuwe na jibu mapema.

Nguvu yenyewe ni ndogo. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, haifikii sahani ya ugali. Mwili ukishaitumia sukari hiyo, yanabaki maji matupu. Maji hufuata palipo na chumvi nyingi, kwa hiyo yanaingia ndani ya seli, zikiwemo za ubongo, nazo zinavimba kama maharage yaliyolowekwa. Na ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimbia: ubongo ukijaa, damu inakosa njia.

Salaini ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za sodiamu kwa lita. Damu ina 135 hadi 145. Haisukumi maji kuingia kwenye ubongo. Ringer lakteti ina 130: inafaa majeruhi wengi, lakini kwa kichwa salaini inatangulia.

Je, dripu ya bei ghali ingekuwa bora? Utafiti wa SAFE, wa Australia na New Zealand, ulilinganisha albumini na salaini. Matokeo ya majeruhi 460 wa ubongo yalichapishwa 2007: baada ya miaka miwili walikuwa wamefariki asilimia 33 ya waliopewa albumini, na 20 ya waliopewa salaini. Basi chupa ya bei nafuu iliyoko stoo ndiyo sahihi.

Wengine humwacha mgonjwa mkavu wakiogopa uvimbe. Hapana jamani! Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, ubongo unakosa damu na hatari ya kifo inapanda sana. Kwa kijana, lenga 110 au zaidi.

Glukosi nayo ina siku yake: pima sukari kidoleni, ikiwa imeshuka mpe. Kama haijashuka, mweleze ndugu kwa upole, tundika salaini, na kwenye fomu ya rufaa andika umempa kiasi gani na saa ngapi. Atakayempokea Songea ataanzia hapo.