Roboti ndogo ya magurudumu: kutoka sakafuni hadi kwenye trotoari, si safari ndogo

Wakongomani wengi wanajua roboti za barabarani tangu mwaka 2013, wakati timu ya injinia Thérèse Izay iliposimamisha mjini Kinshasa zile roboti kubwa za kuongoza magari. Zimetengenezwa kwa alumini, zinatumia umeme wa jua. Lakini hazitembei. Roboti ikipewa magurudumu na kutolewa nje, ndipo kazi ngumu inaanza.

Mfano mzuri ni TurtleBot3 Burger ya kampuni ROBOTIS ya Korea Kusini, ambayo wanafunzi wa inchi nyingi wanajifunzia. Ina uzito wa kilo 1 tu. Magurudumu yake mawili yana kipenyo cha milimeta 66, na nyuma inaegemea kigololi kinachoteleza. Kwenye sakafu laini inaenda bila shida. Ila watengenezaji wenyewe wanasema haipandi kizingiti kinachozidi milimeta 10. Kwenye trotoari, tofali moja lililoinuka linaisimamisha, na kigololi kinajaa muchanga.

Wapenzi wengi wa roboti wanaanza kwa kurekebisha programu. Wanakosea: shida ya kwanza iko chini, kwenye gurudumu. Mkaaji wa Goma hahitaji kufundishwa jambo hilo. Chukudu inapita juu ya mawe ya volkano na mamia ya kilo za mizigo, kwa magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa pneu za zamani. Roboti nayo inahitaji gurudumu kubwa lenye mpira, na pahali pa kigololi kuwekwe gurudumu linalogeuka pande zote, kama lile la kitanda cha hospitali.

Lakini kubadilisha magurudumu peke yake ni mtego. Kipenyo kikitoka milimeta 66 kufika 132, moteri inapaswa kuzungusha kwa nguvu mara mbili ili roboti isukumwe sawa na mwanzo. Kwenye mpando kama ile ya Bukavu, moteri ndogo inakwama. Na moteri iliyokwama ndiyo inayokunywa umeme mwingi zaidi: zile za bei nafuu zinaungua, ao nguvu ya batri inashuka na kompyuta ndogo inazimika katikati ya njia. Muundaji anatafuta kosa ndani ya programu siku tatu, kumbe kosa ni la umeme. Dawa yake ni moteri yenye gia za kupunguza mwendo, fyuzi, na njia ya umeme ya kompyuta iliyotengwa na ile ya moteri.

Kuna pia jua. Leza ya LDS-01, iliyopimia roboti hiyo umbali mbele ya mwaka 2022, iliundwa kwa mwangaza usiozidi luksi 10,000. Jua kali la saa sita linaweza kufika luksi 100,000. Hapo roboti inaweza kukosa kuona ukuta, ao mguu wa mtu.

GPS haisaidii sana. Ile ya simu, hata mahali pa wazi, inakosea kwa mita kama 5. Kwenye trotoari ya mita 2, kosa hilo linaitupa roboti katikati ya magari. Inabaki kuhesabu mizunguko ya magurudumu na kutumia kamera, ingawa gurudumu likiteleza kwenye muchanga, hesabu inadanganya.

Huko Japani, tangu mwaka 2007, mashindano ya Tsukuba Challenge yanapeleka roboti kwenye njia za watu, zikijiongoza zenyewe. Zinaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mwenyewe anazifuata nyuma, na kila moja ina kitufe cha kuisimamisha kwa haraka.

Kitufe hicho hakigharimu sana, na kinafaa kufungwa mbele ya magurudumu makubwa kununuliwa. Kikate umeme wa moteri moja kwa moja, bila kupitia programu. Roboti ya kilo 1 ikigonga mguu wa mtoto, mtoto anacheka. Ikifika kilo 10 na moteri mpya, hatacheka tena.