Kuhara, Virusi na Mkate wa Ngano: Kwa Nini Mtoto Mwingine Hanenepi



Juma hili tunazungumza juu ya mtoto anayehara, anapona, kisha miezi inapita bila kunenepa. Tumbo limevimba, mikono imekonda, analia ovyo. Watu wanasema ni bwaki, ni minyoo, ao mama ameharibu maziwa. Mara nyingi ni bwaki ao minyoo kweli, na mtoto akitunzwa anapona. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo, na kumwongezea mtoto chakula peke yake hakuuponyeshi. Unaitwa seliaki.

Seliaki ni nini?

Ndani ya unga wa ngano muna kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga uvutike tunapokanda mandazi. Watu wengi wanakila bila shida. Lakini kuna watoto waliorithi katika ukoo hali fulani ya mwili. Kwao, kinga ya mwili, ambayo ni kama walinzi wa nyumba, inaona gluteni kuwa adui, halafu inaupiga utumbo wa mtoto mwenyewe. Sehemu ndogo sana za utumbo zinazonyonya chakula zinaharibika. Mtoto anakula, lakini chakula kinapita tu.

Tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 watafiti walitangaza vipimo vya damu vya watoto Wasahrawi, wakimbizi wanaoishi katika kambi za Algeria na kula sana mkate wa ngano. Zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 walikuwa na alama za seliaki.

Virusi vinaingilia wapi?

Watoto wengi wanaorithi hali hiyo hawagonjwi kamwe. Ni nini basi kinachowaamsha walinzi? Huko Denver, Marekani, watafiti walifuata watoto tangu wakiwa wadogo. Mwaka 2006 walieleza kwamba wale waliopatwa na rotavirusi mara kwa mara walikuwa katika hatari zaidi. Rotavirusi ni virusi vinavyoleta kuhara na kutapika kwa watoto wadogo. Mwaka 2019, watafiti wa Norwe walionyesha jambo la namna hiyo kuhusu enterovirusi, ambavyo pia vinakaa tumboni.

Wataalamu wanafikiri hivi: virusi vinaujeruhi utumbo, walinzi wanaamka kwa hasira, na gluteni ikipita wakati huo huo, inahesabiwa pamoja na adui. Hata hivyo, virusi peke yake havileti seliaki. Karibu kila mtoto anapata kuhara, na wengi sana hawatapata ugonjwa huu. Basi mama mwenye mtoto anayehara asiogope, lakini asidharau.

Tufanye nini nyumbani?

Chanjo. Katika nchi yetu chanjo ya rotavirusi ilianza mwaka 2019. Inatolewa kwa mdomo, kuanzia mtoto akiwa na wiki 6. Usingoje, kwa sababu mtoto akikua sana muda wake unapita.

Titi. Miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana.

Maji na mikono. Maji ya Ruzizi na ya mifereji ya mashamba yachemshwe ao yatiwe klori. Tunawe kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha.

Mtoto akihara. Mpe maji ya SRO na vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14, jinsi munganga anavyosema. Aendelee kunyonya na kula. Akilegea, macho yakiingia ndani, ao damu ikionekana katika kinyesi, kimbia kwenye kituo cha afya.

Na mkate?

Usimkataze mtoto mkate kwa kubahatisha. Seliaki inatafutwa kwa kipimo cha damu, na mtoto aliyekwisha kuacha ngano anaweza kuonekana mzima wakati ni mgonjwa. Kwanza kipimo, kisha kukataza.

Munganga akihakikisha, dawa ni kuacha ngano maisha yote: mkate, mandazi, biskwiti, makaroni. Hapo sisi wa bonde tuna bahati. Bugali wa muhogo ao wa mahindi, mchele wetu, maharage, sombe, ndagala na ndizi havina gluteni. Uji wa masoso pia ni mzuri, maadamu ni mahindi, soya na mtama tu. Uliza kwenye mashini kama hawakusaga ngano mbele yako.

Siku ya kupima kilo, tazama mstari kwenye fishi ya mtoto. Kama haupandi kwa miezi miwili, na minyoo na bwaki vimekwisha kutunzwa, mwambie munganga neno hili: seliaki. Na jirani akianza kusema mama ameharibu maziwa, tumsomee ukurasa huu.