Ngege ya Bei ya Kutupa? Uliza Kwanza Imetoka Ziwa Gani

Hapa Keringet hatuna ziwa. Jina letu liko kwa chupa za maji kote nchini, lakini samaki lazima apande mat ndio afike. Akishakaangwa, hana kitambulisho. Kama ametoka Naivasha ama Victoria, angusha na ugali. Kama ametoka Ziwa Nakuru, manze, wacha tu. Serikali ilishaonya watu wasikule samaki wa huko.

Ziwa Nakuru halina mlango wa nyuma. Mito kama Njoro, Makalia na Nderit inaingia, lakini hakuna hata mmoja unatoka. Jua linakausha maji, zingine zote zinabaki: maji taka ya jiji, dawa za shamba, uchafu wa magareji. Hapo ndio madini kama risasi (sio ya bunduki, ile ya betri ya gari) yanajikusanya.

Halafu kuna floridi, ambayo inatoka kwa mawe ya volkano ya Bonde la Ufa. Kuna wakati maji ya hili ziwa yalipimwa yakapatikana na miligramu 2,800 kwa lita. WHO inataka maji ya kunywa isipite 1.5. Maji yakiongezeka hiyo namba inashuka, lakini umeona umbali.

Unajua zile jokes za meno ya kahawia ya watu wa Nakuru? Ni floridi ya visima. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza filta za kuipunguza kwa kutumia mifupa iliyochomwa, juu mfupa hunasa floridi. Sasa jiulize, ngege hana mifupa? Yako ndani inanasa vile vile. Wewe mwenye hutafuna mpaka kichwa, tunakuongelea.

Ati utatoa mifupa? Poa, lakini zebaki hukaa kwa nyama yenyewe. Hii si mdudu useme moto utaiua. Kaanga, choma, kamulia ndimu, bado iko. Na haikuumizi tumbo kesho, inajijenga pole pole. Watoto na wamama wajawazito ndio wako kwa hatari zaidi, juu zebaki na risasi hugonga ubongo wa mtoto.

Zamani hakukuwa na kitu ya kuvua huko. Ziwa lilikuwa chumvi, na samaki walikuwa wale wadogo walioletwa kutoka Magadi zaidi ya miaka 60 iliyopita wakule mabuu ya mbu. Kuanzia 2010 hivi maji yakapanda mpaka yakameza geti kuu la mbuga, chumvi ikapungua, ngege wakubwa wakaingia. Wasee hawana kazi, wakaona ganji. Sitawacheka. Lakini kuvua ndani ya mbuga ni kesi, na kuna viboko.

Ukimuuliza mama samaki ametoa wapi na akujibu "Nakuru", usimrukie. Nakuru ni soko pia, na ngege wa Victoria hupitia huko. Muulize tena, ziwa gani? Mwenye anajua mzigo wake atakuambia bila kujikuna kichwa.