Namba 87 Iko Wapi? Wenye Radio Wanaolinda Wapanda-Farasi

Umekwisha kujiuliza ginsi gani mutu anaweza kulinda watu mia moja na zaidi ambao hawaoni, usiku, katika milima pasipo barabara na pasipo telefone? Huko California, inchi ya Marekani, kuna watu wanaofanya kazi hiyo, na hawalipwi hata franga moja. Chombo chao ni radio. Wale wanaowalinda ni wapanda-farasi.

Shindano lenyewe linaitwa Tevis Cup. Lilianza mwaka 1955. Wendell Robie, mufanya-biashara wa muji wa Auburn, alipanda farasi pamoja na rafiki wachache ili kuonyesha wenye mashaka kwamba farasi wa siku hizi angali na nguvu ya kutembea maili 100, ndiyo kilometre 160, kwa siku moja. Hata leo sheria ni ile ile. Wanaondoka saa 5.15, mbele jua halijatoka, katika milima ya Sierra Nevada. Wanapita mahali penye urefu wa zaidi ya metre 2,600. Na wanapaswa kufika Auburn mbele ya saa 5.15 ya kesho yake. Saa 24, basi. Na zawadi? Mwenye kufika anapewa kifungo cha mukaba, cha feza. Franga hakuna.

Wewe unayeishi karibu na mugodi, jambo hili litakugusa: njia ile ilipitwa na wachimba-zahabu wa miaka ya 1850. Michigan Bluff, Deadwood, Last Chance, hayo yote ni majina ya kambi zao. Last Chance maana yake ni bahati ya mwisho. Mwenye kuchimba hahitaji kuelezwa zaidi. Zahabu ilitafutwa katika mito, kwa hiyo njia inashuka mpaka chini kabisa ya mabonde yenye kina, inapanda tena, inashuka tena. Muchana joto la kule chini linaweza kupita digri 38. Na mabonde hayo ndiyo yanayosumbua radio.

Sababu gani? Radio ndogo ya mukono, ile ya VHF, sauti yake inaenda moja kwa moja kama mwangaza wa torshi. Mulima ukisimama katikati, imekwisha. Ninyi wa mugodi munajua: ukishuka katika shimo, radio yako ya nyumbani inanyamaza. Basi wenye radio wanatafuta mahali pa juu. Mutu mumoja anakaa pale na anteni, kiti, chupa ya maji na batri ya motokari. Wengine wanaweka rele juu ya kilele, ni kusema mashini inayopokea sauti kutoka upande huu wa mulima na kuitupa upande wa pili.

Usichanganye jambo hili na phonie ya misioni. Phonie inatumia mawimbi marefu zaidi, yanayopanda mpaka juu sana angani na kurudishwa chini tena. Ndiyo maana mutu wa Lubumbashi aliweza kusema na mutu wa Kalemie kama vile wako katika kiwanja kimoja.

Watu hawa wanaitwa amateri wa radio, maana yake wanafanya radio kwa kuipenda. Lakini usifikiri kwamba ni muchezo tu. Kila mumoja amefanya mutihani mbele ya kupewa ruhusa ya serikali, na ana jina lake la hewani la herufi na namba. (Kwetu Kongo majina hayo yanaanza na 9Q.) Sheria inawakataza kupokea mushahara kwa kazi hiyo. Pia inawakataza kusema kwa lugha ya siri: yote wanayosema, kila mutu anaweza kuyasikia.

Sasa wanasema nini usiku kucha? Namba! Hapana hotuba, hapana masimulizi. Kila farasi ana namba yake. Akiingia kituoni, wanaandika namba na saa, akitoka, vilevile. Kiisha wanatuma: «Namba 87, ameingia 14.05, ametoka 15.05.» Mwenye kupokea anarudilia maneno yale yale, mpaka yule wa kwanza anakubali. Mwenye haraka ataona kurudilia huko ni kupoteza wakati. Lakini kwa Kiingereza 15 na 50 zinafanana sana katika masikio, kwa hiyo wanasema tarakimu moja-moja: moja, tano. Ukikosa hapo, watu watatafuta mupanda-farasi katika bonde ambamo hayumo, na yule aliyevunjika muguu katika bonde lingine atangoja.

Kuna vituo viwili ambapo kila farasi anapumzika saa moja nzima: Robinson Flat, karibu kilometre 58 kutoka mwanzo, na Foresthill, karibu kilometre 109. Waganga wa nyama wanapima moyo wa farasi, wanatazama maji mwilini, wanamutembeza kuona kama anachechemea. Munganga akisema hapana, ni hapana, hata mwenyewe akilia. Katika miaka mingi karibu nusu ya walioanza hawafiki. Sasa fikiri kazi ya radio: namba hiyo iliyosimamishwa inapaswa kutumwa upesi, pamoja na ombi la motokari ya kubeba farasi. Namba ikisahauliwa, itahesabiwa kama mutu aliyepotea.

Kiisha Foresthill giza linaingia. Wapanda-farasi wengi wanaacha macho ya farasi yawaongoze, kwa mwezi tu, kwa sababu shindano linapangwa karibu na mwezi mupevu. Njia ni nyembamba, upande mumoja ukuta wa mulima, upande mwingine shimo. Imekwisha kutokea farasi akaanguka pale na kufa. Kwa ajali kama hizo amateri wana desturi ambayo mimi naiona ya heshima kubwa: jina la aliyeumia halitajwi hewani. Mama hapaswi kupata habari ya mutoto wake kwa njia ya radio ya jirani.

Pengine kijana atauliza: faida yao ni nini? Wao wanasema ni mazoezi. Oktoba 1989, tetemeko la Loma Prieta lilipopiga California na telefone zikashindwa, amateri walisaidia kupitisha habari. Mwaka 2022 moto mukubwa ulioitwa Mosquito uliteketeza musitu wa sehemu ya njia hii hii. Mutu aliyezoea kuandika namba vizuri kwa usingizi na baridi, siku ya taabu mikono yake haitetemeki sana.

Saa 5.15 ya mwisho ikipita, shindano limekwisha kwa wapanda-farasi. Wenye radio bado. Wanasoma orodha yote tangu namba ya kwanza: huyu amefika, huyu alisimamishwa Robinson Flat, huyu farasi wake amebebwa na motokari. Kama namba moja haina jibu, kituo kinaitwa tena, na anteni hazishushwi.