Makundi ya Skauti Yanahitaji Viongozi Wapya wa Kujitolea

Mwenge wa Uhuru unapopokelewa, vijana wa skauti ndio huwavisha skafu viongozi wa mbio hizo mbele ya wananchi. Kinachosahaulika ni kwamba nyuma ya kila kundi la skauti yupo mtu mzima anayejitolea muda wake bila mshahara. Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu mmoja tu. Akipata uhamisho au akistaafu pasipo mrithi, kundi husimama ingawa vijana bado wana hamu. Makala hii inaeleza jinsi mkazi wa kata anavyoweza kuziba pengo hilo.

Chimbuko la skauti

Uskauti ulianzia Uingereza mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 kambini katika kisiwa cha Brownsea. Uliingia Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917. Baden-Powell mwenyewe alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, nchini Kenya. Leo Chama cha Skauti Tanzania kinapokea wavulana na wasichana.

Kazi ya kiongozi

Vijana hugawanywa katika vikundi vidogo vya watu sita hadi wanane, kila kimoja kikiongozwa na kijana mwenzao. Humo hujifunza kufunga mafundo, kusoma ramani na dira, kutoa huduma ya kwanza, kusimika hema, kupika porini na kuzima moto kabisa kabla ya kuondoka. Kiongozi mtu mzima huandaa ratiba, husimamia usalama, kisha huwaachia vijana watende. Kundi likiweza kupanga kambi yake lenyewe, ameifanya kazi yake vyema.

Nani anafaa?

Si lazima uwe mwalimu, wala uwe uliwahi kuvaa skafu. Mhudumu wa afya anaweza kufundisha huduma ya kwanza, seremala akafundisha matumizi ya zana, na mama lishe akafundisha kupikia watu wengi kwa usafi. Anayejua kutunza hesabu anahitajika pia, kwa kuwa michango ya kambi hudai kumbukumbu sahihi. Mafunzo ya viongozi wa skauti yapo ulimwenguni tangu mwaka 1919, na anayehitimu hupewa shanga mbili za mbao azivae shingoni.

Uongozi hauishii kwenye kundi. Chama kina ngazi za wilaya, mkoa na taifa, nazo hutegemea watu waliokomaa wakiwa na vijana. Kata isiyoandaa viongozi leo haitakuwa na wa kuwatoa kesho.

Usalama wa watoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na wengi wa skauti wako katika umri huo. Kwa hiyo, anayejitolea asishangae akiulizwa kuhusu mwenendo wake na watu wanaomfahamu. Kiongozi hapaswi kubaki faraghani na mtoto mmoja, na hakuna safari bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

Hatua za kuanza

1. Fika shule iliyo jirani, umuulize mkuu wa shule kama kundi lipo na nani analilea.
2. Kama halipo, mwone Mtendaji wa Kata akuelekeze kwa Kamishna wa Skauti wa Wilaya.
3. Hudhuria mikutano michache ukiwa msaidizi kabla ya kukubali jukumu.
4. Eleza bayana muda ulionao. Saa mbili za uhakika kila wiki zina faida kuliko ahadi kubwa isiyotimizwa.
5. Mtafute mwenzako mmoja mfanye kazi pamoja, ili mmoja akihama, kundi lisivunjike.

Kaulimbiu ya skauti ni “Uwe Tayari”. Vijana wetu wameipokea. Wazazi, walezi na wastaafu wa kata zetu, tunawakaribisha nanyi muwe tayari kuwaongoza.