Yaliyoandikwa kuhusu Makurunge yasomwe Makurunge

Ardhi ya Makurunge, wilayani Bagamoyo, imeandikwa sana. Ranchi ya zamani ya Razaba, iliyokuwa chini ya Serikali ya Zanzibar, iligawiwa kwa mradi wa miwa wa EcoEnergy, kampuni ya Kiswidi, zaidi ya hekta 20,000. Mwaka 2015 shirika la misaada la Sweden, Sida, lilijitoa. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ikafuta hati ya ardhi hiyo. Mwaka 2017 shauri la kampuni dhidi ya serikali likafika kwa wasuluhishi wa kimataifa. Watafiti wa Ulaya na Marekani wamechota humo makala na vitabu. Lakini makala moja ya jarida la kulipia huweza kuuzwa dola 40 na zaidi, yaani kama shilingi laki moja, na sijui ni ofisi gani ya kata yenye fungu la namna hiyo.

Kufuli hilo la malipo huchagua pia nani asikike. Machi 2015 ActionAid ilitoa ripoti ya bure kuushambulia mradi, kampuni ikaipinga. Ripoti ya kampeni, hata ikiwa ya kweli, ina upande. Tafiti zilizofuatilia kwa utulivu zaidi maisha ya wakazi wanaosubiri fidia zilitoka baadaye, na nyingine zikabaki nyuma ya malipo. Mjadala ukalishwa na kilichopatikana bure.

Kuna wanaosema mwanakijiji hasomi majarida. Sawa, lakini diwani, wakili wake na mwandishi wa habari wanasoma. Wengine watataja Research4Life, iliyoanza mwaka 2002 kwa machapisho ya afya; nayo hupitia taasisi zilizosajiliwa, hivyo humfaa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuliko afisa ardhi wa Bagamoyo. Hoja nzito dhidi ya majarida huria, yanayosomwa bure, ni ya gharama: mengi humtoza mwandishi, mara nyingi maelfu ya dola, na hapo mtafiti wetu ndiye anayefungiwa nje. Ndiyo maana njia nafuu ni kuweka nakala ya mwisho ya mwandishi kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, jambo ambalo wachapishaji wengi huliruhusu, japo baada ya muda. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inayotoa vibali vya utafiti, tayari humtaka mtafiti awasilishe ripoti yake. Iiweke mtandaoni, na kibali kidai kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe ofisi ya kata kabla mtafiti hajapanda ndege.