Betri za Dreamliner zilifaulu mtihani, kisha zikaungua. Kulikoni?

Januari 7, 2013, ndege ya Boeing 787 Dreamliner ya Japan Airlines ilitua Boston, Marekani, ikitokea Tokyo. Abiria walikuwa wameshashuka, wasafishaji wako ndani, ndipo moshi ukaonekana sehemu ya nyuma. Betri ilikuwa inaungua.

Siku tisa baadaye, Dreamliner ya ANA ilitua kwa dharura mjini Takamatsu, Japani. Safari hii ilikuwa betri ya mbele. Hakuna aliyekufa, lakini Dreamliner zote 50 zilizokuwa zikibeba abiria duniani zilizuiwa kuruka.

Cha kushangaza, betri hizo hazikupenya kimyakimya. Ziliwekewa masharti ya ziada, yaliyoandikwa kwa ajili yake, zaidi ya miaka mitano kabla.

Masharti ya ziada ni yapi?

Ndege mpya haibebi abiria mpaka mamlaka ithibitishe muundo wake. Marekani kazi hiyo ni ya FAA, na kanuni zake za ndege kubwa za abiria huitwa Sehemu ya 25. Shida ni kwamba kanuni huandikwa kwa teknolojia iliyopo. Zile za betri ziliwalenga watu waliotumia betri za asidi, kama ya gari, na za nikeli-kadimiamu.

Boeing ikaja na lithiamu, ndugu wa hiyo iliyo kwenye simu yako. Ni nyepesi na inabeba umeme mwingi. Ila ikipata joto kupita kiasi, joto hilo huweza kujichochea lenyewe, na kimiminika kilichomo ndani kinawaka.

Kanuni zikikosa jibu, FAA hutoa "masharti maalumu" kwa ndege hiyo. Hayo yana nguvu ya sheria. Kuna pia nyaraka za ushauri, ambazo huonyesha njia inayokubalika ya kuthibitisha kwamba kanuni imetimizwa. Hizo si lazima uzifuate, lakini ukiziacha, ulete njia nyingine itakayoiridhisha mamlaka.

Mwaka 2007 betri za 787 zilipewa masharti tisa. Moja lilitaka muundo uzuie joto au presha kupanda bila kudhibitiwa. Jingine lilikataza gesi za sumu au za kulipuka kujikusanya kwa kiasi cha hatari. Ukiyasoma, unaona kabisa walioyaandika waliijua hatari.

Msumari mmoja

Tatizo ni kwamba masharti yalisema nini kisitokee. Swali la utathibitishaje kwamba hakitatokea lilibaki la kukubaliana, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Katika jaribio la mwaka 2006, msumari ulipigwa kwenye seli ya betri ili kusababisha shoti. Seli ikatoa moshi, moto haukuwaka. Boeing ikachukulia kuwa shoti ndani ya seli moja itaishia kwenye moshi wa seli hiyo tu. Ikakadiria pia kuwa tukio la namna hiyo lingetokea chini ya mara moja katika saa milioni 10 za kuruka.

Sasa piga hesabu: Dreamliner zote kwa pamoja zilikuwa hazijafikisha saa 52,000, na tayari yametokea mawili.

Kuna jambo jingine linaloudhi. Mwaka 2008 wataalamu wa sekta walitoa kiwango kikali zaidi cha kupima betri za lithiamu. Lakini masharti ya 787 yalikuwa yameshatoka, hivyo Boeing haikulazimishwa kukifuata.

Wachunguzi wa NTSB walihitimisha mwaka 2014 kuwa huko Boston shoti ilianza kwenye seli moja, joto likaambukiza zile nyingine. Walisema Boeing haikuweka kinga dhidi ya hali mbaya zaidi, na FAA haikuliona pengo hilo wakati wa kuidhinisha muundo.

Kilichobadilika

Boeing haikuondoa lithiamu. Iliongeza vizuizi kati ya seli, ikarekebisha uchajishaji, kisha ikaifungia betri ndani ya sanduku la chuma kisichoshika kutu, lenye bomba la kutoa moshi nje ya ndege. Yaani safari hii walianza na dhana kwamba seli itaharibika tu, ikiharibika je?

Aprili 27, 2013, Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza kurudisha Dreamliner kazini, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Kenya Airways ilipokea yake ya kwanza mwaka 2014, Air Tanzania mwaka 2018.

Julai 2013 Dreamliner nyingine ya Ethiopian iliungua ikiwa imeegeshwa Heathrow, London. Chanzo kilikuwa betri ndogo ya lithiamu ya kifaa cha kutoa ishara za dharura. Betri hiyo si ya kuchaji, na masharti ya 2007 yalihusu zile za kuchaji. Pengo jingine, likabidi liandikiwe masharti yake.

Mwaka 2015 FAA ilitoa waraka wa ushauri kuhusu kupima na kufunga betri za lithiamu za kuchaji kwenye ndege.

Na lile sanduku? Januari 2014, seli moja ya betri ilitoa moshi kwenye Dreamliner ya Japan Airlines iliyoegeshwa Narita, karibu na Tokyo. Moto haukuwaka, na uharibifu uliishia humohumo.